Cheti cha Kuachwa Nyuma

Ipo nchi moja ambayo jina lake silitaji. Si kwa hofu. Ni kwamba kamati ya kulirekebisha jina hilo bado inakaa vikao, na si adabu kuwaharakisha wakubwa.

Nchi hiyo ina watu wa aina mbili. Wapo wa Milimani, wanaoishi kwenye baridi nzuri na barabara za lami, na wapo wa Chumvini, wanaoishi huko chini kwenye mbuga nyeupe ya chumvi, ambako hata nzi hufikiri mara mbili kabla ya kuhamia. Kwa miaka arobaini sheria ilikataza mtoto wa Chumvini kuvuka darasa la saba. Sababu ilikuwa ya kitaalamu kabisa. Wataalamu waligundua kwamba damu ya Chumvini ina chumvi nyingi, na chumvi, kama ajuavyo kila mtu, hutafuna misumari. Serikali ikawa haina budi kuyalinda madawati ya taifa.

Kisha serikali ikazinduka. Ikatangaza kwamba imesikitishwa sana na jambo hilo, na kwamba itamtafuta aliyelifanya. Alipokosekana, ikaunda Tume ya Taifa ya Kupima Kuachwa Nyuma, na katika Chuo cha Tiba, chenye nafasi hamsini kwa mwaka, ikatenga kumi kwa watu wa Chumvini wenye cheti cha Tume hiyo. Arobaini zilizobaki zikaitwa Orodha ya Wazi.

Bunge lilijadili jambo hilo miezi kumi na mmoja. Wabunge wa Milimani walisema, "Dhambi ya babu isimwangukie mjukuu!" Mbunge pekee wa Chumvini akasimama akauliza, "Mbona shamba la babu lilimwangukia mjukuu na hakulikwepa?" Pakawa na kelele. Spika akagonga meza, akaamua kwamba pande zote mbili zina haki, na kwamba chai iko tayari.

Sikudhani Mtepa aliusikiliza mjadala wote huo redioni huku akipiga deki zahanati ya Chumvini. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na tisa kati ya hiyo alikuwa mhudumu hapo. Zahanati ilikuwa na mlango mmoja ulioandikwa DAKTARI kwa herufi za shaba. Nyuma ya mlango huo yalikaa matambara, ndoo na mfuko wa chokaa, maana daktari mwenyewe alikuwa hajawahi kufika. Katika miaka hiyo tisa, Sikudhani alikuwa amewaosha wanawake kumi na saba waliokufa na mimba zao. Wa mwisho alikuwa Havijawa, aliyecheza naye kombolela utotoni. Siku ile, akiwa bado na maji ya kuoshea maiti mikononi, alisema kwa sauti, bila mtu wa kumsikia, "Wa kumi na nane simuoshi."

Basi akasoma. Alisoma miaka minne, peke yake, akafanya mtihani wa taifa kama mtahiniwa wa kujitegemea. Matokeo yalipotoka alikuwa amepata alama themanini na nane kwa mia.

Mama yake, Bi Somoe, aliishika ile karatasi kama mtu anayeshika yai la kuazima. Akauliza, "Themanini na nane, mwanangu? Hizi mmegawana watu wangapi?"

"Zangu peke yangu, mama."

Bi Somoe akakaa chini. Akajifunika uso kwa upande wa kanga, na mabega yake yakawa yanatikisika muda mrefu.

*

Ofisi za Tume zilikuwa mji mkuu, katika jengo la ghorofa tisa. Foleni ya walioachwa nyuma ilianzia mlango wa nyuma, kwa kuwa ndio uliowafaa.

Sikudhani alisimama hapo tangu asubuhi. Mbele yake alikuwa kijana mrefu, mikono yake ina makovu meupe kwenye vifundo, na lafudhi yake ni ya Milimani kabisa. Alipogeuka na kusikia Sikudhani anavyosema "samahani", akamtazama kuanzia ukosi hadi kandambili.

"Wewe ni wa Chumvini?"

"Ndiyo."

"Basi ni wewe." Alisema kwa utulivu wa kutisha. "Mimi naitwa Laurenti Kimbwe. Nilikuwa wa arobaini na moja kwenye Orodha ya Wazi. Alama themanini na nne. Karani akaniambia, pole, zamani nafasi zilikuwa hamsini, kiti chako amekikalia mtu wa Chumvini. Nikasema niende nikamwone. Nimwone tu uso."

"Sijakalia kitu," Sikudhani alisema. "Nimesimama tangu saa moja."

Laurenti hakucheka. "Mama yangu anavunja kokoto, dada. Na mimi nimevunja kokoto tangu nina miaka sita. Nyumba yetu haina bati zima. Sasa niambie, mimi nilimfunga nani miguu huko kwenu?"

"Hukumfunga mtu, mdogo wangu."

"Basi mbona nilipe?"

Sikudhani alifikiri. Hakutaka kumjibu kwa maneno ya redioni. "Mwalimu wako wa darasa la nane aliitwa nani?"

"Mwalimu Fulgensi. Kwa nini?"

"Mimi sikuwa naye. Wewe kokoto zako ulizivunja ukitoka shule. Sisemi hukuumia. Nasema ulipoumia kulikuwa na mtu ubaoni anakusubiri."

Foleni ikasogea hatua tatu. Ndipo kijana akasema, kwa sauti ya chini zaidi, "Na kama wewe una haki na mimi nina haki, kiti ni kimoja, tunafanyaje?"

Sikudhani alikuwa amejiuliza swali hilohilo mara nyingi akiosha sakafu, na sakafu nayo haikujibu. Akatoa mkate wake, akaukata katikati, wakala wakiwa wamesimama.

*

Dirishani aliketi Bi Tukae, Karani Mkuu wa Unyonge, mwanamke mpole mwenye miwani tatu, moja machoni, moja kichwani, na moja shingoni.

"Karibu, mwanangu. Leta risiti ya umeme inayoonyesha kwamba huna umeme."

"Mama, kama sina umeme, risiti nitaipata wapi?"

"Ndiyo maana wengi hawapiti," alisema Bi Tukae kwa masikitiko. "Haya. Barua ya mkuu wa sekondari ya Chumvini, ithibitishe kwamba Chumvini hakuna sekondari."

Sikudhani alikuwa na barua ya mwenyekiti wa kijiji, yenye mihuri minne na alama ya kidole gumba. Bi Tukae aliinusa, akasema inanukia ukweli, akaipokea. Akampima urefu wa kucha. Akamwambia atembee hatua kumi, aone anavyobaki nyuma. Yote yakaenda vizuri mpaka alipofika kwenye karatasi ya matokeo. Hapo akavua miwani, akavaa nyingine, akavua na hiyo.

"Themanini na nane?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe mtoto," alinong'ona, "umejifanyia nini?"

Akampeleka ghorofa ya tisa.

Mwenyekiti wa Tume, Profesa Pantaleo Kibaraguju, alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoomba chumvi mezani. Alimkaribisha Sikudhani aketi, kisha akakumbuka kwamba viti vya ghorofa ya tisa vina misumari, akamwomba radhi na kumwacha asimame.

"Dada yangu," akasema, "sera hii ni ya upendo. Lakini upendo una vigezo. Kuachwa nyuma si jambo la mtu kujitangazia tu. Aliyeachwa nyuma kwa dhati huonekana kwa mbali. Wewe tunakuona karibu mno! Themanini na nane! Nikikupa cheti hiki nitakuwa nimelitukana taifa, maana nitakuwa nimesema kwamba hatukukuzuia vya kutosha."

"Mheshimiwa, basi niandikeni kwenye Orodha ya Wazi. Wa mwisho kule alipata themanini na tano."

"Haiwezekani. Orodha ya Wazi haichukui mtu wa Chumvini, kwa kuwa Chumvini mmeshapendelewa. Mtu hapendelewi mara mbili."

"Nimependelewa wapi?"

"Hapa."

"Na hapa mmenikataa."

Profesa akatabasamu kama baba. "Kukataliwa mahali unapopendelewa, dada yangu, bado ni kupendelewa."

Sikudhani alimwona mawazoni Havijawa, macho yake yakiwa wazi. Akasema, na sauti haikuwa yake, "Mheshimiwa, nifanyeje? Niambie tu. Chochote."

Neno hilo, chochote, lilimfurahisha sana Profesa. Akavuta mtoto wa meza, akatoa Fomu ya Kushusha Alama kwa Hiari. Anayestahili cheti, alieleza, sharti awe chini ya hamsini. Fomu ilikuwa imeshachapwa arobaini na tisa, kumpunguzia mwombaji kazi. Kilichobaki kujazwa ni mstari mmoja: *Eleza kwa nini ulipata alama nyingi.*

*

Walimpa mpaka mchana afikiri. Laurenti alimkuta ameketi kwenye ngazi za nje, fomu magotini.

Alipoisoma alisimama wima. "Usisaini. Dada, usisaini. Leo asubuhi nilitaka upotee duniani, lakini hili usilisaini. Wakishakuandika hivyo, watasema daima. Daktari wa arobaini na tisa. Hata mgonjwa atakuuliza."

"Wagonjwa wa kwetu hawaulizi. Wanakufa."

"Lakini ni uongo!"

"Ni uongo," Sikudhani alikubali. "Ukweli ninao. Umenifikisha ghorofa ya tisa, umenirudisha hapa."

Alimpigia mama yake simu. Bi Somoe alisikiliza yote mpaka mwisho.

"Mama?"

"Nipo. Mwanangu, sisi walituambia damu yetu mbaya, tukakaa kimya. Sasa wanataka useme wewe mwenyewe kwa mkono wako."

"Nikatae?"

"Sijasema ukatae. Mimi ndiye niliyemfumba macho Havijawa." Akavuta pumzi. "Fanya utakaloweza kuishi nalo."

Sikudhani akasaini. Kwenye ule mstari aliandika, *Nilijisahau.* Mkono wake uliokuwa umetoa miiba, vipande vya chupa na watoto waliotangulia miguu, ukaliwekea neno hilo moja nukta.

Profesa Kibaraguju alimpa cheti hapohapo, chenye riboni. Akampa na mkono. "Hongera," akasema. "Sasa umeachwa nyuma rasmi."

*

Majina yalibandikwa baada ya wiki tatu. Laurenti alikuwa amebaki mjini akibeba mifuko ya simenti, na siku hiyo alikuja. Alisema hajui kwa nini amekuja. Wakasimama pamoja mbele ya ubao, wakasoma majina kumi ya watu wa Chumvini.

Sikudhani aliyasoma mara mbili. Chumvini watu wanajuana mpaka kuku, na yeye hakumjua hata mmoja.

"Huyu Mapande," Laurenti alisema polepole, kidole juu ya jina la kumi. "Klaudeta Mapande. Alama hamsini na mbili. Si mtoto wa Waziri?"

Alikuwa mtoto wa Waziri wa Haki Sawa, Mheshimiwa Zefania Mapande. Tisa waliomtangulia walikuwa watoto wa jaji, wa jenerali, wa askofu mmoja, na wa wajumbe sita wa Tume yenyewe. Chini ya mstari mwekundu, nafasi ya kumi na moja, palikuwa na Sikudhani Mtepa, arobaini na tisa.

Walipanda ghorofa tisa kwa miguu, kwani lifti ilikuwa ya waliotangulia. Profesa Kibaraguju aliwapokea kwa furaha. Alipowaona wawili, wa Milimani na wa Chumvini, wanahema pamoja mlangoni, aliita mpiga picha. "Umoja!" alisema. "Tazama! Sera inafanya kazi!"

"Mheshimiwa," Sikudhani alisema, "Klaudeta Mapande ni wa Chumvini tangu lini?"

"Babake ana hekari mia nne za chumvi huko. Na mtoto ni wa palipo na mali ya baba yake. Hiyo ndiyo mila yetu, au unaidharau mila?"

"Na mbona ana hamsini na mbili, wakati cheti hapewi mtu aliyefika hamsini?"

"Swali zuri. Alipoomba alikuwa na kumi na tatu. Kumi na tatu, dada yangu! Huyo ndiye aliyeachwa nyuma! Machozi yalitutoka. Baada ya hapo Tume ikamnyanyua, kama ilivyo wajibu wake, kwa alama zilizokuwa zimerudishwa Tume na wananchi wenye moyo."

Laurenti alikuwa na hesabu nyepesi, ya mtu aliyezoea kuhesabu madebe ya kokoto. Akasema, "Alizoongezwa ni thelathini na tisa."

Themanini na nane, toa arobaini na tisa. Sikudhani aliifanya hesabu hiyo mara tatu kichwani, kama mtu anayetafuta mapigo ya moyo kwenye mkono uliopoa.

"Ni zangu," akasema. "Hizo alama ni zangu."

"Zilikuwa zako," alisahihisha Profesa kwa upole. "Ukazitoa kwa hiari. Nami nikuulize kimaadili, kama mtu anayeamini usawa: kati ya mwenye arobaini na tisa na mwenye kumi na tatu, nani anahitaji kusaidiwa?"

"Zirudisheni! Zirudisheni nirudi nilivyokuwa, basi, sitaki chuo, sitaki cheti..."

"Zimeshasajiliwa. Unataka tumnyang'anye mtoto wa watu? Ndivyo mlivyo huko chini, mkisaidiwa mnataka na vya wenzenu."

Sikudhani alilia pale pale, mbele ya mpiga picha, kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani. Ni Laurenti aliyemshika mkono wakateremka.

Nje, jua lilikuwa kali. Laurenti alikaa kwenye ukingo wa barabara, akaitazama mikono yake yenye makovu. "Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu wa Chumvini maisha yangu yote," alisema. "Nilishaizoea hiyo chuki. Sasa sijui niipeleke wapi."

"Usiimwage," Sikudhani alimwambia. "Ina wenyewe. Wamo humo ndani."

Waliagana hapo. Laurenti alirudi kwenye kokoto, kwa kuwa mwaka uliofuata ada ya mtihani ilipandishwa ili kuinua ubora.

*

Sikudhani aliporudi Chumvini alikuta barua imemtangulia. Ilitoka wilayani, ndefu na ya heshima. Ilisema kwamba, kufuatia kumbukumbu mpya za Tume, mhudumu S. Mtepa ana alama arobaini na tisa, ilhali mhudumu wa zahanati anatakiwa kuwa na hamsini. Kwa kujali usalama wa wananchi wa Chumvini, waliokwisha kuonewa vya kutosha, serikali inamwachisha kazi mara moja. Nafasi yake itajazwa. Haikusema lini.

Miezi miwili hivi baadaye, asubuhi, jirani aitwaye Mwajabu aliletwa uani kwa Bi Somoe akiwa amebebwa kitandani na wanaume wanne. Alikuwa na uchungu tangu juzi. Mama mkwe wake alipiga magoti mlangoni.

"Zahanati imefungwa, mwanangu. Hatuna pa kwenda."

"Mimi si mhudumu tena, shangazi. Nikimgusa, ni jela."

Mwanamke yule hakuinuka magotini. Alimtazama tu.

Sikudhani akanawa mikono. Akampapasa Mwajabu tumbo, taratibu, akijua atakachokikuta kabla hajakikuta. Mtoto alikuwa amelala kingamo, kwa upande. Alijua kwa nini hatoki, alijua ni wapi pa kukatwa, alijua kitakachotokea pasipokatwa. Hakujua kukata. Hilo hufundishwa Chuo cha Tiba, mwaka wa nne.

Wakakodi trekta la chumvi. Sikudhani alipanda nyuma, akamlaza Mwajabu kwa ubavu, akakiweka kichwa chake mapajani, na kwa saa sita za mashimo na vumbi jeupe akamsemesha asipotee. Alimnywesha maji kwa vijiko. Alimzaba vibao alipofumba macho. Alimwimbia nyimbo za kutwanga, alimtukana, alimwomba. Walifika hospitali ya Milimani alasiri, na Mwajabu alikuwa bado anapumua.

Daktari wa zamu alikuwa mtu wa haki, mwenye haraka. Alimpapasa mgonjwa, akaamuru chumba cha upasuaji kifunguliwe, kisha akamgeukia mwanamke aliyejaa chumvi mpaka kwenye kope, aliyekuwa akiwasukuma wauguzi akieleza mapigo ya moyo ya saa baada ya saa.

"Wewe ni nani hapa?"

Sikudhani akafungua kinywa. Mhudumu hakuwa. Mwanafunzi hakuwa. Ndugu hakuwa. Alitafuta, kweli alitafuta, wakati machela ikisukumwa.

"Jirani," akasema.

"Basi jirani asubiri nje."

Alisubiri nje, chini ya dirisha la kioo cha ukungu. Alizisikia sauti za vyuma na za maji, na midomo yake ikawa inatangulia mbele ya kila sauti: sasa ngozi, sasa mfuko, sasa wanamtoa. Kisha vyuma vikanyamaza. Hapo ndipo pa kilio cha mtoto. Akaegemeza sikio ukutani. Mtoto anaweza kukaa kimya dakika ngapi kisha akaishi, hilo Sikudhani alilijua vizuri. Dakika hizo zikapita bila kilio, naye hakuondoa sikio, na zikaja nyingine.